Kabla hujalinunua ua la mwambani

Mwezi wa Julai mwaka juzi, baada ya alasiri, kijana mmoja auzaye miche alisimama mlangoni kwangu Mji wa Kale na kopo la rangi lililokatwa nusu. Ndani yake mlikuwa na mmea mfupi, majani ya duara yenye manyoya laini kama sikio la paka, na katikati maua matatu madogo ya samawati iliyoelekea zambarau, kila moja na kitone cha manjano.

"Mama, hili halimo kwa mtu yeyote hapa mjini," akaniambia. "Nimelitoa mwambani kule Kilifi kwa mkono wangu. Mia nne tu, kwa kuwa ni wewe."

Mimi ni mtu wa maua. Juu ya dari yangu nina asumini wa miaka kumi na moja, mirehani kwenye madebe, na waridi moja ambalo mume wangu marehemu aliniletea kutoka Lamu. Kijana ananijua, na alijua mlango upi wa kubisha. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Kilichonizuia ni mizizi. Ilikuwa imeshikilia vipande vya jiwe la chokaa na majani makavu ya msituni, na upande mmoja ilikuwa imekatika. Nikamwambia, "Nipe hadi kesho, mwanangu, nifikirie."

Nilidhani nitafikiria bei. Kumbe yalikuwapo mengine manne ya kufikiria, na nimeona niyaandike hapa, kwa sababu tangu siku ile nimeulizwa habari za ua hili na watu wa Kibokoni, wa Majengo na hata wa Malindi.

Ni ua gani hili?

Katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani ua hili lina jina lenye maana ya urujuani wa Afrika. Wauzaji wetu wakilijua huliita vayoleti. Si vayoleti ya kweli, wala hawana ujamaa, ila rangi ndiyo iliyowafananisha. Jina lake la kitaalamu kwa zaidi ya miaka mia moja lilikuwa Saintpaulia, na tangu mwaka 2015 wataalamu wamelihamishia katika kundi la Streptocarpus, baada ya kuona kuwa ni ndugu wa damu. Wapanda maua wengi bado wanalitaja kwa jina la zamani.

Jambo lililonishangaza ni hili: katika dunia nzima, ua hili huota lenyewe porini katika nchi mbili tu, Kenya na Tanzania. Kwa wenzetu liko milima ya Usambara, Uluguru na Nguru, na pia nyanda za chini karibu na Tanga. Kwetu liko msitu wa Mbololo huko Taita, na liko katika miamba ya chokaa ya bara ya Kilifi, kama ile ya Chasimba. Hili la Kilifi lina jina lake peke yake, rupicola, neno la Kilatini lenye maana ya mkaa mwambani. Haliko kwingine.

Lilitokaje hapa likafika madirishani mwa Wazungu? Mwaka 1892, wakati Mjerumani akiitawala Tanganyika, ofisa mmoja wa serikali yao upande wa Tanga na Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, akampelekea babake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika vitabuni na kulipa jina la ukoo wa yule ofisa. Katika miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles, Armacost and Royston, kiliotesha mbegu zilizotoka Ulaya, kikachagua aina kumi bora na kuziuza. Mwaka 1946 Wamarekani walikuwa tayari wana chama cha kitaifa cha wapenzi wa ua hili. Leo aina zilizozalishwa na binadamu ni maelfu: nyeupe, waridi, zenye petali nyingi, zenye kingo za mawimbi. Zote asili yake ni huku kwetu.

Basi ua hili, ambalo bibi wa Kimarekani analijua kama sisi tujuavyo mrehani, mimi mzaliwa wa Mombasa nililiona mara ya kwanza ndani ya kopo la rangi. Waswahili husema, mwenye kitu hajui thamani yake.

Swali la kwanza: nyumba yangu italifaa?

Usiku ule nilimpigia simu mpwa wangu anayesomesha bayolojia. Akanieleza kwanza linavyoishi kwao, maana mmea ukijua kwao umejua utakavyo.

Kwao ni ufa wa jiwe chini ya kivuli cha miti. Jua halilifikii moja kwa moja, linapata mwanga uliochujwa na majani. Mizizi yake ni mifupi na membamba, haichimbi ardhi. Hukaa juu ya tabaka jembamba la majani yaliyooza lililojikusanya katika ufa. Maji ya mvua hupita na kwenda zake, hayatuami. Hewa ina unyevu mchana na usiku.

Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kuwa nyumba ya mawe ya Kiswahili si mahali pabaya. Kuta zetu ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, ndani mna ubaridi, na mwanga huingia kwa upole. Dirisha linalotazama mashariki ndilo bora, kwa sababu jua la asubuhi halina ukali. La magharibi ni baya, jua la saa tisa litaliunguza. Dari iliyo wazi ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiko wengi wetu tunakoweka maua.

Mmea wenyewe utakwambia kama umekosea. Ukiona vikonyo vya majani vinarefuka na majani yanasimama kuutafuta mwanga, giza limezidi. Ukiona majani yanapauka, yanakuwa magumu na kujibana katikati, mwanga umezidi.

Joto ndilo tatizo letu la kweli. Linastawi kati ya nyuzi 18 na 27. Likipita nyuzi 30 kwa siku nyingi huacha kutoa maua, na kama udongo umelowa sana, huoza. Kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, kinalipenda. Kaskazi ya Februari na Machi, wakati Mombasa mchana unafika nyuzi 32 au 33 na usiku haupoi, ndiyo mtihani. Mwenye chumba cha chini kisichopigwa na jua atavuka salama. Mwenye nyumba ya bati, au ghorofa ya juu inayopokea jua kutwa, nasema wazi kwamba litamsumbua.

Kuna la pili ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, nalo ni chumvi. Maji ya visima vyetu vingi yana magadi, na ua hili haliyataki. Ukilinyweshea maji ya kisima, baada ya wiki chache utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, na majani ya chini yanayogusa ukingo ule yanaoza kwenye kikonyo. Kuyachemsha hakusaidii, maana chumvi haitoki kwa kuchemshwa. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, au tumia maji matamu ya bomba. Na upepo wa baharini wenye chumvi usilipige usoni.

Swali la pili: ua lisilonukia ni ua?

Hili nililiona dogo mpaka shangazi yangu alipokuja siku ya pili asubuhi. Nilimwonyesha picha niliyopiga kwa simu. Akaitazama, akasema, "Zuri. Lanukia vipi?"

Nikamwambia halinukii.

"Sasa la nini?"

Msicheke. Kwetu sisi ua ni harufu kwanza. Asumini tunaisuka kwa sababu ya harufu. Kikuba hakiwi kikuba bila mrehani na mkadi, langilangi hutiwa katika mafuta ya nywele, na vilua vilitafutwa kwa bibi harusi ingawa ni vidogo vya kusahaulika. Bibi zetu hawakuwa na desturi ya kuweka chungu cha ua sebuleni kwa kutazamwa tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini ua la Kilifi halikuwahi kuingia Mombasa ilhali liko mwendo wa saa chache, nadhani jibu mojawapo ni hilo la shangazi. Halikuwa na kazi katika nyumba zetu.

Lakini nyumba zetu zimebadilika. Wengi tunaishi vyumba viwili vya kukodi ambavyo havina ua wa nyuma wala dari ya kupanda asumini. Asumini anataka jua na nafasi, na katika dirisha lenye nondo hakai. Ua hili linakaa katika chungu cha upana wa kiganja. Halina mwiba, na halitajwi miongoni mwa mimea yenye sumu kwa paka na mbwa, jambo ambalo katika mji wa paka kama wetu si dogo. Nilipomweleza haya, shangazi alisema, "Basi weka la kutazama, na asumini usimng'oe." Tukaafikiana hapo.

Swali la tatu: kazi yake ni kiasi gani?

Si nyingi, lakini ni ya mtu mtulivu. Asiye na saburi asilianze.

Udongo wake usiwe udongo wa shamba. Udongo mzito huziba hewa na kuozesha mizizi. Mimi huchanganya sehemu mbili za nyuzi za makumbi ya nazi zilizochambuliwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu moja ya mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Makumbi tunayo bure, lakini angalia yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamelewa chumvi. Hata yale ya kawaida yaloweke usiku mzima, mwaga maji, rudia mara tatu.

Chungu kiwe kidogo, upana wake kama theluthi moja ya upana wa mmea, na lazima kiwe na tundu chini. Wengi hukosea hapa wakidhani chungu kikubwa ni heshima. Chungu kikubwa hubaki na maji ambayo mizizi haijafika kuyanywa, na maji hayo ndiyo yanayoleta kuoza.

Kunywesha: bonyeza udongo kwa kidole. Ukikauka juu, weka chungu ndani ya kisahani chenye maji kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwage maji juu ya moyo wa mmea, pale majani yanapochipukia. Na usitumie maji ya friji. Maji baridi yakigusa jani lenye joto huacha madoa yaliyopauka ambayo hayaondoki tena.

Adui wake mkubwa ni vidudu vyeupe vinavyofanana na vipamba, hujificha kwenye maungio ya majani. Vipanguse kwa kijiti chenye pamba kilichochovywa spiriti, na mmea mgeni uweke mbali na wengine kwa wiki tatu au nne kabla ya kuwachanganya.

Na hapa ndipo penye siri ya ua hili, ambayo ndiyo iliyoniamulia kila kitu. Halihitaji kung'olewa ili liongezeke. Jani moja linatosha. Unachukua jani lililokomaa lakini si kuukuu, unakata kikonyo kwa wembe safi ukiacha urefu wa kama sentimita tatu, unakichomeka kwa mshazari katika mchanganyiko ule ule wenye unyevu kidogo, unafunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Baada ya wiki tatu au nne linatoa mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu vijani vidogo vinachomoza chini yake, mara nyingi miche kadhaa kwa jani moja. Kutoka jani hadi ua ni kama miezi minane, tisa, au zaidi.

Swali la nne: hili limetoka wapi?

Mpwa wangu aliponiuliza swali hili kwenye simu, nilimjibu Kilifi. Akasema, "Ndiyo, shangazi, lakini limetoka kitaluni au limetoka jiweni?"

Tofauti ni kubwa. Ua la kitaluni ni kitukuu cha maua yaliyosafiri na kuzalishwa miaka mia moja. Ukilinunua hupunguzi kitu duniani. Ua la jiweni ni mmoja wa wachache waliobaki. Miamba ya chokaa ya Kilifi ni kama visiwa vidogo. Kila mwamba una ukoo wake wa ua hili, na kati ya mwamba na mwamba ni mashamba na nyumba. Mbegu zake ni laini kama vumbi, na ili ziote zinahitaji jiwe lenye kivuli, kuvumwani na unyevu wa kudumu. Miti ikikatwa kwa mkaa, jua linalipiga jiwe na ua linakauka hata kama hakuna aliyeligusa. Jiwe lenyewe nalo lina soko, kwa chokaa, kokoto na saruji. Kwa hiyo mmea huu unabanwa juu na chini, na wataalamu wanauhesabu miongoni mwa mimea iliyo katika hatari ya kutoweka. Akija tena mtu na kisu na kopo, ufa mmoja unaweza kumalizwa kwa asubuhi moja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013, pamoja na jina lake, haihusu ndovu na simba pekee. Inahusu mimea ya porini pia, na kwa viumbe vilivyo hatarini ni kali zaidi. Lakini sitaki tulitazame jambo hili kwa jicho la askari tu. Wenzetu Wamijikenda wamezilinda kaya zao kwa mila kabla ya sheria hizi kuandikwa. Msituni huingii utakavyo, wala hutoki na kitu. Ni kwa ulinzi huo kwamba mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Si kila mwamba wenye ua uko ndani ya kaya, lakini adabu ile ile inafaa kuvuka mpaka wa kaya.

Nitasema na hoja ya upande wa pili, maana mgala muue na haki mpe. Ua la Kilifi ni la nyanda za chini, limezoea joto kuliko jamaa zake wa milimani. Mtu anaweza kusema kuwa hilo hasa ndilo linalotufaa watu wa Pwani, kuliko hayo ya kitaluni yaliyodekezwa Ulaya. Ni kweli. Na wakusanyaji wa nje wanalo miaka mingi, wanagawiana kwa majani. Hiyo ndiyo njia: siku moja kitalu cha huku kwetu, kwa kibali na kwa ushirikiano na wenyeji wa miamba ile, kioteshe majani machache na kuyazidisha, ili mtu wa Mombasa apate ua la Kilifi bila jiwe la Kilifi kupungukiwa. Lakini hilo si la kufanywa na mimi na kijana mmoja kwenye kizingiti cha mlango.

Nilichoamua

Kijana alikuja siku ya pili kama tulivyoagana. Nikamwambia, "Mwanangu, sitalinunua."

Akadhani bei ni kubwa, akateremka hadi mia mbili na hamsini. Nikamweleza niliyoyajua. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayapatia jibu la kunitosha. "Mama, mimi nisipolitoa, atalitoa mwingine. Na hili limeshatoka. Ukilikataa, litarudi lenyewe mwambani?"

Ni kweli lilikuwa limeshatoka. Nyumbani kwangu lingepata dirisha zuri. Lakini nilijua vilevile kuwa mia nne yangu ingekuwa nauli ya kurudi Kilifi kuchukua kumi. Mnunuzi wa kwanza ndiye anayeanzisha biashara. Nikashikilia la. Akaondoka, na kopo likauzwa nyumba ya nne kutoka kwangu, likawekwa darini penye jua. Nililiona likipauka nilipokuwa nikianika nguo zangu. Nilimwambia jirani aliteremshe, akaliteremsha, lakini mizizi ile iliyokatika haikuweza kurudi. Haukwisha mwezi. Siwezi kusema sikuumia, wala siwezi kusema nilikuwa na raha na uamuzi wangu.

Mimi nililipata langu kwa njia nyingine. Somo yangu anayekaa Nyali ana vayoleti ya kitaluni, ya waridi yenye petali nyingi, aliyopewa zawadi. Nilimwomba jani moja. Lilioza, kwa sababu nililinywesha kila siku kama ninavyomnywesha mrehani. Oktoba nikamwomba matatu. Moja likaoza, mawili yakashika. Kufikia mwisho wa Januari nilikuwa na miche tisa midogo. Kaskazi ikaua mitano. Minne niliishusha chini, nikaipanga karibu na mlango wa uani ambapo mwanga hufika lakini jua halifiki, nikapunguza maji. Julai, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu siku ya kopo la rangi, mmoja ulichanua. Shangazi alikuja kuutazama. Aliinama, akaunusa kwa mazoea, akacheka mwenyewe.

Na kijana? Novemba ile alipita na miche ya mipapai. Nikamwita nikamwonyesha jani langu lililokuwa limeanza kutoa vichipukizi kwenye kopo la siagi. Akalitazama kwa muda mrefu. "Jani tu?" akauliza. Nikamrudishia swali lake la biashara kwa hesabu ya biashara: mmea wa jiweni unauza mara moja, na nauli ni yako, mmea mmoja wa kitaluni unatoa majani kila mwezi, na kila jani ni miche mitatu au minne. Nikamwombea majani mawili kwa somo. Sijui kama ameacha kabisa kwenda mwambani, na sikumwapisha. Najua kwamba siku hizi kwenye mkokoteni wake, kati ya mipapai na miarobaini, mna makopo madogo yenye majani ya manyoya, na ukimwuliza yametoka wapi anakwambia ametesha mwenyewe nyumbani Kisauni. Anauza mia mbili. Kwangu hapandishi bei.

Kama unafikiria kulipanda

Jiulize haya kabla ya kutoa pesa. Una dirisha la mwanga mpole, au una dari yenye jua tu? Kaskazi ikifika una pahali penye ubaridi pa kulihamishia? Una maji matamu, au unategemea kisima? Uko tayari kungoja miezi tisa kwa ua lisilonukia? Ukijibu ndiyo kwa yote, basi lipande, na utalifurahia, maana likishazoea huchanua karibu mwaka mzima isipokuwa miezi ya joto kali.

Kisha liulize lile swali la mpwa wangu: limetoka wapi? Ukiona maua ni ya petali tano sahili za samawati, mizizi ina chembe za chokaa na majani ya msituni, na muuzaji anajisifu kuwa amelitoa mwambani, usilinunue hata kwa shilingi hamsini. Usimtukane wala usimwitie askari mbele ya watu. Mweleze habari ya jani. Kama una jani, mpe.

Na ukipata nafasi ya kwenda bara ya Kilifi ukiwa na mwenyeji, omba ruhusa, ulione kwao. Mimi nilikwenda Agosti iliyopita. Tulitembea chini ya miti mpaka kwenye jiwe la kijivu lililosimama kama ukuta wa gofu. Mzee aliyetuongoza akanyoosha kidole juu kidogo ya kichwa changu. Yalikuwa mashina sita au saba katika ufa mmoja, mawili yakiwa na maua. Pembeni yake palikuwa na ufa mwingine mtupu, una alama ya kisu.